Azime kwa Mkono Wake

Ofisini walimwita Bi Nakala, na jina lilimkaa sawasawa. Yeye ndiye aliyeandika kile kipande cha programu ya hospitali za wanyama kilichohakikisha kwamba kabla toleo jipya la programu halijagusa hifadhidata yenye rekodi zote za wagonjwa, hifadhidata hiyo inakiliwa kwanza pembeni. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Toleo lilipotoka, hospitali moja ikakwama. Nakala ilijaza diski hadi pomoni, kompyuta ya mapokezi ikagoma, na watu wakajazana mlangoni na mbwa wao, paka wao, na sungura mmoja aliyekojolea kila kiti.

Mkuu wake akamjia mezani amekunja uso. "Nilikwambia, dada. Programu ifanye kazi yake. Kuweka nakala ni juu ya mwenye kompyuta. Kitoe hicho kitu chako leo."

"Kosa la diski ni langu, naenda kulirekebisha. Lakini kukitoa, sikitoi."

"Sikukuomba maoni."

"Najua."

Akabeba begi lake, huyo akaenda kwenye ile hospitali. Daktari wa wanyama, mwanamama mwenye mikono iliyojaa makwaruzo, alimpokea bila tabasamu. Bi Nakala akaomba radhi, hakujitetea, akasafisha diski mpaka mapokezi yakaanza kupumua. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Nakala zenu wenyewe mnaziweka wapi, daktari? Nisije nikazigusa."

"Nakala gani?"

"Za rekodi za wagonjwa."

Daktari akamtazama kama aliyeulizwa jina la babu yake sungura. "Si programu inazitunza? Mimi nilidhani..." Akaigeukia ile kompyuta kuukuu iliyobeba chanjo na operesheni za wanyama wa mtaa mzima.

Bi Nakala alirudi ofisini damu ikimchemka. Akaandika upya: programu ipime kwanza nafasi iliyobaki kwenye diski; ikiwa haitoshi, isimame na ieleze kwa nini. Nakala za zamani zijifute, zibaki za karibuni. Mkuu alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Basi hiyo nakala iwe imezimwa tangu mwanzo," akasema. "Anayetaka aiwashe."

"Asiyejua kama ipo ataiwashaje, mkuu? Kitufe cha kuzima nimeweka. Anayetaka kuzima, azime kwa mkono wake, akijua anachofanya."

"Na nikisema ni amri?"

"Kitoe wewe hicho kipande. Mabadiliko hayo yabebe jina lako. Langu halitakuwepo."

Mkuu akavuta kiti, akakaa, akaweka vidole kwenye kibodi. Kwenye meza za jirani kila mtu akawa ghafla ana kazi nyingi. Akasoma mistari ile mara ya pili, polepole, kisha akainuka bila kubonyeza kitu.

"Utapata barua ya onyo."

"Sawa."

Barua ilikuja kweli, na mhuri juu. Bi Nakala aliisoma huku anakunywa chai, akaitia kwenye droo, akaendelea na kazi. Toleo lililorekebishwa lilikuwa limeshatoka, na nakala ilikuwa imewashwa.