Majua Kwenye Gogo la Lango

Gogo la mgunga lilikuwa limelala langoni siku sitini na moja, na Boipelo alilijua kila fundo lake kama mfungwa ajuavyo kitasa. Likilala hivyo, kijiji kizima kinaelewa: ndani mna mzazi na kichanga, mgeni asivuke. Miguu ya watu hubeba joto la safari na la misiba, nalo humdhuru mtoto.

Desemba hiyo bati liliwaka. Boipelo, mwanamke aliyezijua habari za watu kabla ya wenyewe, sasa, na kichanga ubavuni, alikuwa na masikio mawili na dirisha moja. Na kesho Sethunya, rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa anahamia mji wa Maun. Wangeachana hivihivi, bila hata kuonana.

"Mama, tukate watu," alisema Larona, bintiye wa miaka mitatu.

Boipelo alikunja gazeti, akakata mtu mmoja, akalikunjua. Watu wanane wakashikana mikono.

"Huyu jirani yetu, Mma Tiro. Ona kichwa, kimejaa ya wenzake."

"Na huyu?"

"Huyo Sethunya," alisema, akaunyoosha mkono wa karatasi uliojikunja.

Wakakata na majua kwa mfuko wa njano wa unga. Larona akayabeba nje kucheza, pamoja na bakuli la gundi ya uji.

Haukupita muda, vigelegele vikapasuka langoni.

"Mzazi katoka! Mbona mmetuficha? Nimekuja na bakuli langu, msije mkasema nyama imekwisha!" alipaza Mma Tiro, wanawake wa kijiji nyuma yake.

Mama mkwe, Mma Moagi, akatoka mbio na mwiko mkononi. "Rudini! Nani kawaita?"

"Gogo limetuita, Mma! Nani hupamba gogo kama si siku ya sherehe?"

Kweli, gogo zima lilikuwa limebandikwa majua, na Larona kasimama kando, uji hadi viwikoni.

"Boipelo!" Sauti ya Sethunya ikapita juu ya zote. "Umekufa humo?"

"Sijafa! Nimeanikwa kama mboga kavu!"

Kicheko cha nje kilimvuta kama kamba. Mguu wake mmoja ulishavuka kizingiti alipokutana uso kwa uso na mama mkwe. Alingoja kukemewa.

"Mwaka juzi nilikuruhusu kutoka kabla ya siku," alisema Mma Moagi polepole. "Ni mimi niliyelegeza."

Mtoto wa mwaka ule hakumaliza mwezi. Hawakuwahi kumtaja. Boipelo akaiona kanga ya mama mkwe iliyopauka, ileile tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza akahesabu: siku sitini na moja, bibi huyu naye hajavuka lile gogo.

Akaurudisha mguu.

Kisha akachukua mkasi. Alikata watu, akawabandika mkono kwa mkono, akakata tena, hadi magazeti yakaisha. Larona akashika ncha moja ya safu, akakimbia nayo uani hadi langoni.

"Nimeishika!" aliita Sethunya.

"Usivute, gazeti hilo!"

"Sivuti, dada. Sivuti."

Mama mkwe akaweka mwiko chini, akaenda katikati ya ua, akainyanyua safu ile ya watu kwa viganja viwili isiguse vumbi. Upepo wa moto ukapita. Watu wa gazeti wakatikisika wote pamoja, na Boipelo, dirishani, ncha ya pili mkononi, akausikia vidoleni mwake mtetemo mwepesi sana, kutoka kule langoni.