Jiwe Lenye Majina Mawili

Kwa miaka kumi na mmoja Hatibu ndiye aliyekuwa akiwapandisha wageni kwenye maporomoko ya maji yaliyo juu ya kijiji chao, huko Mgeta. Alijua ni wapi panateleza baada ya mvua na shamba la njegere la nani halikanyagwi. Chini ya maporomoko limesimama jiwe refu, limeinama kidogo kama mtu mwenye mzigo kichwani, na hapo ndipo alipokuwa akisimulia hadithi aliyoachiwa na mjomba wake. Zamani alikuwepo mwanamke asiyezaa. Mizimu ilimkasirikia, ikamgeuza jiwe. Likaitwa Jiwe la Tasa. Wageni walikuwa wakipiga picha, kisha wanateremka.

Mkewe, Asia, aliwauzia chai na maandazi mwanzoni mwa njia. Walikuwa wameoana miaka tisa na hawakujaliwa mtoto.

Kisha Luqmani akarudi. Alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini, aliyesomea utalii Morogoro mjini, akaja na viatu vya kupandia milima na simu yenye kamera nzuri. Hatibu alimpokea vizuri, hata akamwonyesha njia za mkato. Haikupita miezi mitatu, wageni wakaanza kumuuliza, "Wewe ndiye Luqmani?" Alipokataa, walitazamana.

Luqmani alikuwa na hadithi yake. Kwamba mwanamke yule hakugeuzwa na yeyote. Alichoshwa na maneno ya watu, akapanda mlima kwa miguu yake, akaketi kando ya maji, akaamua kubaki pale ili awasikilize wanawake wengine wenye mambo mazito moyoni. Jiwe akaliita Msikivu. Alijirekodi akisimulia, na video ikasambaa mpaka Dar es Salaam. Wanawake wakaanza kuja na vipande vya kanga, wakavifunga kwenye kijiti kilichoota ubavuni mwa jiwe.

Hatibu aliitazama video ile mara nyingi, akijificha. Aliitafutia makosa, akayapata. Lakini kila Luqmani alipofika mahali pa yule mwanamke kuketi kando ya maji, Hatibu alisisimka mwili, na hilo ndilo lililomkera kuliko makosa yote.

Jumamosi moja Luqmani alipandisha wanafunzi wa chuo pamoja na mhadhiri wao, Catherine. Hatibu akawafuata kwa nyuma bila kualikwa. Luqmani alipofika katikati ya hadithi, Hatibu akajitokeza.

"Samahani, mwalimu. Hiyo hadithi kaitunga mwenyewe juzijuzi tu. Ya kweli ninayo mimi, nimeipokea kwa mjomba wangu."

Luqmani hakubisha. "Ni kweli nimeitunga, kaka. Sijamwambia mtu vinginevyo."

"Mjomba wako yeye aliipokea kwa nani?" Catherine aliuliza, kwa upole kabisa.

"Kwa wazee."

"Na wao?"

Hatibu akaligeukia jiwe. Hakuna aliyemcheka. Msichana mmoja alimwomba tu Luqmani aendelee alipoishia.

Walipoteremka, Hatibu alibaki. Akaanza kung'oa vile vitambaa kimoja kimoja na kuvitupa chini. Mkono ukakwama kwenye kipande cha kanga ya njano yenye maua ya zambarau. Kanga hiyo alimnunulia Asia yeye mwenyewe, Idi iliyopita. Alikishika kile kipande, akaona akilini picha ya mkewe na Luqmani wamesimama pamoja mahali pale, na hakuona kitu kingine njia nzima mpaka nyumbani.

Asia alikuwa anamenya viazi. Hatibu akakiweka kile kitambaa mbele yake.

"Umeanza lini kwenda kwake?"

"Kwa nani?"

"Luqmani."

"Nilikwenda kwenye jiwe. Siku hiyo Luqmani alikuwa mjini."

"Unajua kwamba ile hadithi kaitunga?"

"Najua. Aliniambia mwenyewe, akinywa chai."

"Sasa ulikwenda kuliomba nini? Mtoto?"

"Sikuomba. Nilikaa, nikasema yaliyokuwa yananisumbua, nikarudi." Asia aliweka kisu chini. "Wageni wako wakishuka wananunua chai kwangu. Wananiuliza nina watoto wangapi. Nikiwaambia sina, naona nyuso zao zinavyobadilika. Jina la lile jiwe umewapa wewe, Hatibu."

"Hadithi ni ya mjomba."

"Mjomba tulishamzika. Anayeisema ni wewe."

Hatibu akakaa kwenye kigoda. Alitaka kunyamaza, lakini wivu ulikuwa haujamwachia. "Na Luqmani alijua kwamba inakuumiza?"

"Aliniuliza. Siku moja tu. Nikamjibu ndiyo. Kama wiki mbili baadaye akaitoa ile video." Akachukua tena kisu. "Wewe hujawahi kuniuliza."

Angemkuta mkewe na kosa, Hatibu angejua la kufanya. Hili hakulijua. Kijana mgeni katika kazi yake alikuwa amemwona mke wake pale mezani pa chai, mahali ambapo yeye alipita kila siku.

Kesho yake alipanda peke yake, akaviokota vile vitambaa na kuvifunga upya, cha njano kikiwa cha mwisho.

Wiki iliyofuata alipata wageni watatu, wauguzi kutoka Morogoro. Walipofika kwenye jiwe, alikohoa, akasema linaitwa Msikivu. Alisimulia jinsi mwanamke alivyopanda kwa miguu yake, na alipoona wanamsikiliza, akaongeza jambo ambalo Luqmani hakuwa nalo: kwamba alikuwa na mume, na mume huyo ndiye aliyekuwa akimtangaza kwa wapita njia kuwa ni tasa.

"Alimfuata?" aliuliza muuguzi mmoja.

"Alimfuata. Alichelewa, lakini alimfuata."

Wakiteremka walikutana na Luqmani akipanda na kundi kubwa. Wale wauguzi wakamtambua, wakamweleza habari ya yule mume. Luqmani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamvuta Hatibu pembeni.

"Kaka, hicho kipande cha mume ni kizuri sana. Naomba nikitumie."

"Hapana," Hatibu alisema. "Hicho ni changu."