Tundu la Kushoto

...na hiki kibao cha chuma ni baridi kweli, daktari amekishika chini ya pua yangu kama anayekinga kitu kisidondoke, "Pumua kawaida tu, mama, usijilazimishe," anasema, kawaida, nani anayepumua kawaida akishaambiwa apumue kawaida, tayari navuta hewa kama mtu anayetaka kupiga mbizi, na macho yameteremka yenyewe kutazama ukungu unaotanda juu ya chuma, upande wa kulia umetanda mpana, mzuri, na upande wa kushoto... ah, wa kushoto umetoka mdogo kama ukucha, na ameuona, najua ameuona kwa vile alivyokunja paji, hawa madaktari vijana hawajui kuficha uso, Oreeditse jina lake, mdogo kuliko mwanangu Tshiamo, nilipopasuliwa pua hii yeye alikuwa bado anafundishwa kusoma, na sasa ananiuliza, "Kwa jumla, mama, baada ya miaka yote hii, unaonaje? Ule upasuaji ulikusaidia?" na mimi sijajibu, ngoja kwanza, binti, usinikimbize, nilikuwa nimeshapanga jibu tangu nikiwa kwenye basi, niseme iko sawa kabisa, niage, nirudi zangu Mahalapye, lakini kibao hiki kimenisema... Tshiamo ndiye aliyenisukuma kuja, alikuja nyumbani Pasaka, asubuhi akatoka chumbani macho mekundu, "Mama, unakoroma tena, mimi nilidhani treni ya mizigo imeacha reli," nikacheka, nikamwambia hilo ni vumbi tu, lakini neno hilo, tena, lilinibaki, kwa sababu nilikuwa najua, nilikuwa najua na nimenyamaza, nageuza mto, nalalia ubavu wa kulia, najifukiza maji ya moto nikiwaambia ni mafua, maana kama shida imerudi, je, nitawaambia nini watu, nitamwambia nini Mama Kabo wa kwaya, nitajiambia nini mimi mwenyewe, kwamba nilijisumbua bure? "...gegedu, mama, lile la katikati ya pua, lina tabia ya kukumbuka lilivyokuwa," daktari anasema, anaongea polepole kana kwamba mimi ndiye niliyepinda, "unalinyoosha, halafu miaka inapita, linaanza kurudi kidogo kidogo, na nyama za pembeni nazo zinavimba, wengi tunawaona..." linakumbuka, haya, na likumbuke, hata mimi nakumbuka, nakumbuka nikiwa mtoto, yule ng'ombe wa babu kule kwenye zizi la porini, namfunga kamba akatupa kichwa kikanipiga puani, nikasikia kitu kimevunjika kama kijiti kikavu, damu hadi kwenye ndoo ya maziwa, bibi akanikanda kwa kitambaa cha maji ya chumvi, akasema pua ya mtoto hujinyoosha yenyewe, na kweli kwa nje ilinyooka, kwa ndani ikabaki imepinda kama kisigino cha kiatu kilichochakaa, basi nikakua mdomo wazi, nalala mdomo wazi, nakula nikihema, maana huwezi kutafuna na kupumua kwa mlango mmoja, na shuleni wananiimbia, "Funga mlango, nzi wanaingia!" na mwalimu Moatlhodi wa kwaya, mwenye ile fimbo yake ya kuongozea, ananisukuma safu ya nyuma, "Wewe fungua mdomo tu, sauti tuachie sisi, kufungua mdomo si ndiyo kazi unayoiweza?" na darasa zima chini kwa kicheko, na mimi nikafungua mdomo tu, miaka yote ya shule, wimbo wote ninao kichwani na sitoi kitu... halafu Modiri akanioa hivyo hivyo na mikoromo yangu, na nilipotaka kupasuliwa mama yake akaja juu, "Pua Mungu kakupa moja, unakwenda kuikwangua, ukirudi na sauti ya mbuzi usije kulia kwenye ua huu!" na Modiri akachukua begi langu akaliweka begani, akatangulia stesheni, ndivyo alivyo Modiri, wanamfahamu wote pale kwenye karakana ya reli, maneno machache... na siku walipochomoa ule utambi wa kitambaa walionizibia puani baada ya upasuaji, waliuvuta ukaja, ukaja, nikadhani sasa wanafika kwenye ubongo, na hewa ikaingia nyuma yake, baridi, hadi nyuma ya macho, nikamshika nesi mkono, nikasema, "Ni hii? Ninyi watu mnapumua hivi kila siku na hamsemi?" akacheka, nilikuwa sitanii... na Jumapili ile baada ya kurudi, nimejinyoosha mkekani kivulini, usingizi umenichukua baada ya chakula, nashtuka Modiri ananitikisa, "Mama Tshiamo! We, Mama Tshiamo!" "Nini?" "Nilidhani umekufa." "Nimelala tu, baba." "Sasa mbona kimya?" akakaa chini akanishika mguu, akacheka mpaka akafuta machozi, na sikujua yapi ni ya kicheko, na siku hizo hizo ndipo nikagundua kwamba mwanamume huyu ananuka grisi ya treni tangu nimeolewa na hakuna hata mmoja aliyeniambia, na kwamba mvua ya kwanza ikigusa vumbi ina harufu, watu wazima wakanicheka, mwanamke mzima amesimama uani ananusa ardhi, na uji wa mtama wa kuchachusha, ambao zamani lazima niuonje ili nijue umefika, sasa naujua nikiwa mlangoni, na kwaya, ah, kwaya ya kanisa, nilianza nyuma, safu ya pili, ya mbele, kisha mwanzishaji wa nyimbo, Mama Kabo akasema, "Tangu ufanyiwe pua hiyo unaringa, hata hewa unaivuta kwa maringo," nikamwambia, "Navuta yangu, yako ipo," wakaanguka wote kwa kicheko... "Mama? Unanisikia?" nakusikia, mwanangu, nasikia, kuna jambo nalitafuta, ngoja... mama mkwe, alipokuwa kitandani mwishoni, akaniita nikae, akasema, "Siku ya kunizika usimwache Mama Kabo aanzishe, anapandisha sauti mno, anzisha wewe," si samahani, hapana, Mama Modiri hakuwa na neno hilo mdomoni, akaniangalia tu pua, akageukia ukutani, na asubuhi ile makaburini baridi ilikuwa inauma, tumejifunga mashali, wanaume wameshika koleo, nikavuta hewa yote ile ya baridi kwa pua, nikaanzisha, na ule mstari mrefu wa katikati ambao kila mtu huukata njiani apate pumzi, sikuukata, niliubeba mpaka mwisho, na koleo zikasimama, Modiri akavua kofia ambayo alikuwa ameshaivua na kuivaa tena kwa baridi, na Mama Kabo, Mama Kabo mwenyewe, akanishika kiwiko... na lini ilikuwa hiyo, ilikuwa msimu wa baridi wa mwaka juzi, ndiyo, mwaka juzi, na tundu la kushoto lilianza kulala lini... si ni kabla ya hapo, nilipokuwa bado namwogesha mama mkwe, ndio kwanza nimeanza kulalia ubavu wa kulia, nikisema ni vumbi... kwa hiyo siku ile kaburini lilikuwa tayari limeziba nusu, kwa hiyo ule mstari wote niliubeba kwa tundu moja na nusu, mimi, aliyeambiwa afungue mdomo tu, na nimekaa hapa naogopa kaukungu kadogo kama ukucha, naona aibu kana kwamba nimeharibu mali ya watu, imefanya kazi pua hii, imechoka upande mmoja kama goti la mtu aliyelima, nani huona aibu ya goti, na daktari bado ameshika kibao, bado anangoja, na bado sijasema, lakini nitasema, nitamwambia ndiyo, imesaidia, na nitamwambia inaziba, upande wa kushoto, tangu mwaka juzi, yote mawili, bila kupunguza, akitaka kuingia tena na vyuma vyake tutazungumza, asipotaka sitalia, ila asinitazame kwa huruma namna hiyo, binti huyu, asiinamishe kichwa, hajui yuko mbele ya nini, hii ndiyo pua iliyomzika Mama Modiri...