Ndewe za Mzee Kipkemei

Gedion alitaka nimkate babake masikio, na alitaka kazi hiyo iishe kabla ya Jumapili.

Nilikuwa nimekaa miezi miwili nikichonga kichwa cha marehemu Mzee Kipkemei katika gogo la mzeituni wa porini, mti mkaidi unaomaliza makali ya patasi. Kingewekwa Jumapili hiyo katika kanisa la Rongai alilosaidia kulijenga. Picha niliyoletewa ilimwonyesha amevaa kofia iliyofunika masikio, na mimi sianzi uso wowote kabla ya kuketi na mtu aliyelala kando yake. Kwa hivyo nilienda kwa mjane wake, Jerop, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Alinishika ndewe zangu, zile nyama laini za chini ya masikio, akazivuta ili anionyeshe. Za mumewe zilitobolewa ujanani zikarefuka hadi karibu na bega, na akienda kulima alizikunja juu ya masikio zisimsumbue. Nilimchonga hivyo hivyo, ndewe moja imening'inia, nyingine imekunjwa.

Sasa Gedion, mzee wa kanisa, alisimama katika karakana yangu hapa mtaa wa Section 58 akiniambia kwamba huo ni ushenzi, kwamba wageni watacheka, kwamba babake alibatizwa. Nikamjibu kwamba alibatizwa na masikio yake yote. Alinuna. Alikuwa amemleta mamake ili yeye ndiye aniamuru, lakini Kogo alikaa tu kwenye kigoda, kiondo mapajani.

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilichukua patasi na nyundo nikamkabidhi.

"Mimi sikati. Kata wewe. Lakini ukimaliza, toa jina langu hapo chini uandike lako."

Sikudhani angezipokea. Alizipokea. Aliweka makali juu ya ile ndewe inayoning'inia, akainua nyundo.

Kogo aliinuka. Alimtoa patasi mkononi polepole, kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akaitia kiondoni.

"Jumapili nitakaa hapo mbele kanisani, kando yake," alisema. "Mwenye anataka kumkata akuje aniombe hii kitu watu wote wakiona."

Gedion alibaki na nyundo. Alimtazama mamake, akamtazama babake kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaniuliza kama nina blanketi, amfunike mzee vizuri kwenye gari, masikio yasije yakakwaruzwa njiani.