Aliye Karibu na Kipaza Sauti

Nianze na Shangazi, maana bila yeye leo ningekuwa bado napika chai ya wakubwa. Si shangazi yangu wa damu. Alikuwa mkuu wa mitambo kwenye mamlaka yetu ya maji, na wote, kuanzia walinzi wa getini mpaka mkurugenzi, tulimwita hivyo, kwa sababu akikukuta umefanya kazi ya ovyo anakusema kama dada wa baba yako aliyekuja kusalimia akakuta vyombo havijaoshwa.

Nilipoajiriwa na shahada yangu ya kemia walinipa birika. Ndiyo, birika! Mkuu wa maabara wa enzi hizo alisema mikono ya wanawake haitulii, nitamvunjia vioo vyake. Kumuoshea vikombe, hapo mikono ilitulia. Shangazi akanikuta jikoni, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Wewe, hilo birika lina shahada?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanivuta mpaka chumba cha pampu, akanipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha kwenye pampu na mpini sikioni. Nikasikia beringi inasagika ndani kwa ndani, kama mtu anayetafuna mchanga.

"Hiyo inakufa," akasema, "na humu ndani tunaojua ni mimi na wewe tu."

Basi kila tukimaliza kazi akawa ananifundisha: maji yanachujwaje, klorini inatiwa kiasi gani, nani wa kumwogopa kwenye bodi na nani wa kumpuuza. Akanipigania nikaingia maabara. Akanipigania tena nikawa mkuu wa maabara hiyo. Mama Pacha, mjane mwenye mapacha wake, naye akamtoa kwenye kusoma mita mlango kwa mlango, mpaka akawa mkuu wa usambazaji.

Sharti lake lilikuwa moja tu, na alilisema akikutolea macho: usimtaje. "Siku wakijua mimi ndiye niliyekushika mkono, watasema wanawake tunapeana vyeo kama tunavyoazimana sufuria. Ukisimama kushukuru, mshukuru mwanamume aliye karibu na kipaza sauti."

Na aliyekuwa karibu na kipaza sauti siku zote alikuwa Mhandisi Tabasamu, mkuu wa mipango. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hata kukunyima likizo anakunyima meno yote nje. Chumba cha pampu hakuwahi kukikanyaga, aliogopa viatu vyake kuingia grisi. Siku ya kupandishwa cheo nikamshukuru kwa kunilea. Mama Pacha yeye alitia chumvi kabisa, akasema Mhandisi amekuwa kwake kama baba mzazi! Tukajifungia ofisini kwa Shangazi tukacheka mpaka machozi, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Tulidhani tunamvika mtu kilemba cha ukoka. Kumbe mwenzetu kilimkaa, akatembea nacho.

Mkurugenzi alipostaafu, bodi ikatangaza kwamba safari hii inamtaka mtu aliyelea viongozi, hasa wanawake, eti ndiyo sifa ya taasisi yetu. Majina yakabaki mawili, Shangazi na Tabasamu. Jamani, tulifurahi! Shangazi naye alikitaka kile kiti na hakuficha. Mabomba ya mitaa ya bondeni yalikuwa yameoza, kila mvua ikinyesha watoto wa kule wanaharisha, na mipango ya Tabasamu haikuwahi kufika bondeni. Shangazi alikuwa karibu kustaafu. Alituambia akikosa mara hii, basi tena.

Bodi ikatuita sisi wakuu wa idara wanawake tuje tueleze safari zetu za kazi, wagombea wote wawili wakiwepo. Mezani wamepanga chupa za maji ya dukani, na sisi ndio mamlaka ya maji. Kabla ya kuingia, mimi na Mama Pacha tulikubaliana kule koridoni: leo tunamtaja. Shangazi hatukumwambia, tulijua atatukataza.

Mama Pacha akaanza. Alisema vizuri, sauti imetulia, kwamba aliyemlea ni Shangazi na hakuna mwingine.

Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mpole mwenye miwani, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, siku unapandishwa cheo nilikuwepo. Ulisimama hapahapa ukasema Mhandisi ni kama baba yako mzazi."

"Niliambiwa niseme hivyo, mzee."

"Uliambiwa na nani?"

Mama Pacha akamtazama Shangazi. Kisha akakaa chini.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Sikungoja kuitwa. Nikasimama nikamwaga yote: birika, bisibisi, sharti, vile vicheko vyetu. Nikasema huyu Mhandisi hata akionyeshwa pampu na feni atauliza ipi ni ipi. Nilitegemea mtu acheke. Tabasamu peke yake akaendelea kutabasamu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hiyo, kama nimekuelewa, mwenzetu huyu amekuwa akichagua watu wake kimyakimya, akiwapandisha, na akiwafundisha kuidanganya ofisi." Akamgeukia Shangazi, bado mpole vilevile. "Ni kweli, Bi Mkubwa? Maana kama ni kweli, itabidi tuangalie upya vyeo hivi vilipatikanaje."

Akikana, hajalea mtu, na kiti hakipati. Akikubali, ametupendelea, na sote tunang'oka. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, na mdomo wangu.

Shangazi alinitazama mimi, akamtazama Mama Pacha aliyekuwa ameshika kichwa. Hakuchukua muda mrefu. "Si kweli," akasema. "Hawa wananihurumia tu kwa kuwa nimezeeka. Aliyewalea ni Mhandisi."

Tabasamu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Nilimkimbilia kwenye ngazi. Nilikuwa nalia, sijali nani ananiona. "Shangazi, umetuua! Kwa nini lakini?"

"Ningesema ndiyo, kesho mngeitwa mmoja mmoja."

"Si tungeitwa! Ungetuacha tuitwe!"

"Ili iweje? Mama Pacha arudi kwenye mita? Wewe urudi jikoni?" Akashika chuma cha ngazi. Sijawahi kumwona akishika kitu ili asianguke. "Wanawake wawili wakuu wa idara, mwanangu. Miaka yangu yote hapa, ndicho nilichonacho. Nikipoteze na chenyewe?"

Nikamwambia siyo haki. Akasema anajua, na akashuka.

Hakungoja kustaafu. Aliandika barua akaondoka, hakutaka sherehe wala zawadi. Mama Pacha hajazungumza nami vizuri tangu siku ile. Akiniona koridoni anajifanya anapokea simu, na simlaumu. Mvua za kwanza ziliponyesha, maabara yangu ilipima maji ya bondeni. Nikapeleka majibu juu kwa Mkurugenzi Tabasamu, yakarudi yameandikwa: yamepokelewa.

Kisha akaniita. Nilijua nafukuzwa, nikaenda na mkoba wangu kabisa. Akanikaribisha kiti, akaniagizia chai. Akasema hana kinyongo, akina mama tuna hisia nyingi, na idara ya mitambo haiwezi kukaa bila mkuu. Akainamia mezani akasema kwa sauti ya mzazi, "Nataka nikushike mkono."

Nilitamani kummwagia ile chai. Halafu nikawaza: nikikataa, analeta mtu wake, asiyejua beringi wala klorini, na bondeni wataendelea kunywa matope mpaka wajukuu. Mimi nikiwa pale, huenda hata bomba moja likabadilishwa. Huenda. Nikakubali. Nikasema asante, na wala sikujilazimisha, lilinitoka lenyewe.

Nikatoka pale nikampigia simu Shangazi. Ukweli ni kwamba nilitaka anitukane. Nilitaka aniambie sina haya, nimekalia kiti chake kabla hakijapoa, nisimpigie tena maisha yangu yote. Ningelia, lakini ningepumua.

"Hongera, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Umemshukuru?"

"Nimemshukuru."

"Wapi?"

"Ofisini kwake."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mshukuru na kwenye kikao, Jumatatu," akasema. "Mbele ya watu. Usisahau, mwanangu."

Nikamwambia sawa, Shangazi.