Majina Pembezoni mwa Mistari

Wasfi Obeidat aliingia ofisi ya maji amevaa koti aliloshonewa kwa harusi ya mwanawe Kinan. Hakutaka kuhukumiwa akiwa na fulana.

Miaka thelathini na mmoja nyuma, yeye ndiye aliyeandika kwa lugha ya Kobol programu ya zamu: mtaa gani wa mji ule wa kaskazini mwa Jordan upate maji siku gani. Maji huja mara moja kwa wiki, na siku hiyo watu hufua, huoga na kujaza matangi juu ya paa. Sasa mashine kuukuu iliyoiendesha ilikuwa imekufa. Mkurugenzi Mufleh alikuwa na programu nyingine mezani, kazi ya watu wasiojua kilima wala bonde, naye alishasema: ya Wasfi isipofanya kazi hadi adhuhuri, anatia saini ile mpya inunuliwe.

Tegemeo lilikuwa kompaila ya bure ambayo mhandisi kijana, Lujain, aliipakua mtandaoni ili iyageuze maandishi yale ya zamani yaendeshwe na kompyuta mpya. Wasfi aliuliza mara tatu ni nani mwenye kitu hicho. Lujain akamjibu kwamba ni cha yeyote anayekitaka, na jibu hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Lujain alibonyeza. Makosa mia mbili na kumi na nne.

Wasfi alikaa chini polepole. Programu yake haikuwahi kukosea hata Jumanne moja. Mufleh, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, hakumhurumia.

"Abu Kinan, hata mashine imekukana."

Lujain hakugeuka. Alikuwa akisoma kioo kwa kidole, kisha akakunja uso.

"Ami Wasfi, inasema haimjui Umfares. Haimjui Hajahind. Hawa ni kina nani?"

Mzee alimtazama, halafu akaanza kucheka hadi koti likamvutika mabegani. Alieleza kwamba zamani mashine ilisoma kila mstari hadi herufi ya sabini na mbili tu. Nafasi nane za mwisho haikuzigusa. Humo aliandika jina la kila aliyekuja kumgombeza hadi mstari ukabadilishwa. Um Fares alikaa kileleni mwa kilima. Alimfundisha kwamba nyumba za juu zifunguliwe kwanza, kabla za chini hazijanyonya nguvu yote ya bomba.

Lujain alijipiga paji la uso. Ni yeye aliyeiamuru kompaila isome mstari mzima, kama vijana wanavyoandika siku hizi. Alifuta neno moja katika amri, akabonyeza tena.

Hakuna kosa hata moja. Printa ikakohoa, ikatoa zamu ya wiki, kilele kikiwa mbele.

Adhuhuri ilikuwa bado. Mufleh aliisoma karatasi mara mbili, akarudisha kalamu mfukoni, akauliza, kwa sauti ndogo kidogo, kama kuna mtu wa kwao humo.

"Mama yako yumo, mstari wa mia tatu na tisa. Alinifokea wiki nzima, Mungu ampe afya."

Mufleh akamsukumia Wasfi kikombe chake cha chai. Lujain tayari alikuwa akiutafuta mstari huo.