Mstari Kwenye Chaki

Harub alifuta mafuta ya taa mpaka chuma kikakauka, akamimina unga wa chaki kiganjani, akaupuliza juu ya kitovu cha gurudumu. Kisha akachuchumaa, akasubiri. Ilikuwa saa moja asubuhi, ile saa pekee ya siku ambapo mashine husimamishwa ibadilishwe mafuta. Jua lilikuwa halijavuka majabali ya Matrah, lakini kuta za chumba zilikuwa bado zimeshika joto la jana.

Polepole, juu ya weupe wa chaki, mstari ukaanza kujichora. Mafuta yaliyojificha ndani ya chuma yalikuwa yanatoka. Mstari ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye kitovu ukapanda mkono wa gurudumu.

Aliupima kwa kidole cha shahada. Ulikuwa sawa na kidole kizima. Akaupima tena, kana kwamba mara ya pili ungepungua.

Gurudumu lile lilimzidi kimo. Wachukuzi walioliingiza walisema uzito wake ni ngamia watatu. Mashine ikiwaka lilizunguka mara mia tatu kwa dakika, likivuta mkanda uliozungusha dinamo, na kwenye dinamo ndiko ulikotoka umeme wa nyumba arubaini na wa kiwanda cha barafu. Nyuma ya ukuta wa chumba, hatua tatu tu kutoka kwenye gurudumu, alilala mzee Marhoon, mgonjwa wa kifua, chini ya pangaboi alilonunuliwa na mwanawe aliyeko Kuwait.

Harub aliifanya kazi hii miaka kumi na tisa Unguja kabla ya mapinduzi, na mitano hapa Matrah, ng'ambo ya bahari. Katika miaka yote hiyo hajapata kuona gurudumu likipasuka. Alisikia tu. Msimamizi wake wa kwanza alimwambia kwamba likipasuka halianguki, linaruka, na ukuta kwalo ni kama karatasi. Siku zile Harub alidhani mzee anamtisha ili awe mwangalifu.

Alikwenda sokoni kumwita tajiri wake. Ghanim, ambaye mamake alikuwa mtu wa Unguja, alikuja na bakora yake, akainama, akapitisha kidole juu ya chaki. Chaki ikafutika, na mstari ukaondoka nayo.

"Sioni kitu," akasema.

"Ukifuta chaki huoni, Bwana Ghanim. Lakini umo."

"Nyumba yangu ina ufa tangu sijazaliwa. Nnalala humo."

"Nyumba haizunguki, bwana."

Ghanim alikaa juu ya pipa tupu, akavua kofia, akajifuta kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. "Sikiliza, Harub. Gurudumu jipya litatoka Bombay. Wiki tano, wiki sita. Na huu mwezi wa nane, kilele cha joto. Wenye mashamba Ghubra na Bawshar wameshakwenda kwenye mitende yao. Waliobaki mjini ni nani? Wasio na pa kwenda. Hao ndio unaotaka niwazimie? Na hilo gurudumu litalipwa na nani? Nitapandisha bei ya umeme, na watakaolipa ni haohao waliokaa wiki sita bila umeme."

Harub alikuwa na wazo. "Tuiendeshe polepole. Tuwape kidogo kidogo mpaka meli ifike."

Wakajaribu. Kwa siku mbili mashine ilikwenda kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Taa majumbani zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa, mapangaboi yakazunguka kwa uvivu hata nzi wakatua juu yake, na mota ya kiwanda cha barafu ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Asubuhi ya tatu Harub alipaka chaki tena. Mstari ulikuwa umeongezeka upana wa ukucha.

Ghanim alileta amri mwenyewe. "Irudishe mwendo wake, Harub. Barafu inakwisha, samaki wanaoza, watu wamenijaa mlangoni. Irudishe, na mengine tumwachie Mwenyezi Mungu."

Harub alitazama mkono wake ukienda kwenye vali ya mafuta. Hakuifungua zaidi. Aliifunga. Mashine ikakohoa mara mbili, gurudumu likapunguza mwendo, na mtaa mzima ukanyamaza.

"Umefanya nini?" Ghanim akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi siiwashi tena, bwana. Nisamehe."

Adhuhuri haijaingia, Bakhita, mkewe Marhoon, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mashine, ukingo wa leso ameuuma kwa meno. Alikuwa amemzidi Harub miaka mingi na humwita mwanangu.

"Mwanangu, pangaboi limesimama."

"Nnajua, mama. Gurudumu lina ufa. Likipasuka litapita kwenye ukuta wenu."

"Litapasuka lini?"

"Sijui. Leo, au mwakani. Huenda lisipasuke kabisa."

Bakhita alilitazama lile gurudumu kubwa lililotulia. "Lako hilo unalipima kwa kidole," akasema. "Joto la mzee wangu nani atalipima?"

Harub alimwomba amhamishie mzee nyumbani kwake, chumba cha nyuma, penye upepo kidogo. Marhoon alikataa. Alisema kitanda chake hakijahama tangu aoe. Basi Harub na mkewe Nasriya wakawa wanakwenda kwa zamu, wanalowesha shuka kisimani na kumfunika, wanampepea kwa kipepeo cha ukili mpaka mikono inakufa ganzi. Barafu iliyobaki mjini ilipanda bei mara tatu; Nasriya aliuza bangili yake moja ili kupata bonge la kuweka kwenye beseni karibu na kichwa cha mgonjwa. Mzee hakumlaumu Harub hata mara moja. Alimuuliza habari za Unguja, mitaa, watu, na kabla ya kupata jibu husinzia.

Siku ya nne, baada ya alasiri, Marhoon alivuta pumzi, akaishikilia, asiirudishe.

Mazikoni watu walimpa Harub mkono kama wanavyopeana wote. Hakuna aliyemwambia neno, na angependa mtu amwambie.

Wiki haikwisha, Ghanim akaajiri fundi mwingine, Majid, Mbulushi aliyefanya kazi kwenye meli. Majid aliwasha mashine asubuhi ya Jumamosi kwa mwendo wake kamili. Mapangaboi yakazunguka, barafu ikashuka bei, na watoto wakarudi kunyonya vipande vyake barazani. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Ikapita ya tisa. Gurudumu lilizunguka kama lilivyozunguka siku zote, na Harub alilisikia kutoka kwake akiwa amekaa juu ya mkeka bila kazi.

"Yawezekana ulikosea?" Nasriya alimuuliza, si kwa shari.

"Yawezekana."

"Basi mzee wa watu..."

Harub alitoka nje asionekane uso. Kilichomtisha si swali la mkewe. Siku ile, aliposikia mashine ikinguruma vizuri, aligundua kwamba moyo wake unasikiliza kwa hamu, unangoja mshindo. Alikuwa anataka lipasuke. Alitaka, hata kwa saa moja, watu wajue. Akaegemea ukuta, akaomba msamaha mara nyingi mpaka maneno yakawa hayana maana mdomoni.

Siku ya kumi na moja, jua limesimama utosini, Majid alibisha hodi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Kila asubuhi napaka chaki," akasema kwa Kiarabu cha bandarini, bila hata kukaa. "Sikumwambia mtu. Juzi ulikuwa vidole viwili. Leo umefika nusu ya mkono wa gurudumu, na kila mzunguko unatoa sauti, tik, tik. Nimemwambia bwana. Anasema meli yenye gurudumu jipya imeshatoka Bombay, wiki moja tu. Mimi nina watoto, ndugu yangu. Nimetoka, siingii tena mle."

"Umeizima?"

Majid akainamisha kichwa. "Niliogopa kulikaribia."

Harub alivaa makubadhi, akaenda. Ghanim alikuwa amesimama kichochoroni, mbali na mlango, bakora mikononi, uso umemshuka. Ndani mashine ilikuwa inanguruma peke yake.

"Waondoe watu upande ule, bwana," Harub akasema.

"Nimewaondoa. Wametoka wote ila Bakhita. Yumo kwenye eda, hataki kutoka. Anasema hajamaliza hata mwezi, hatavunja eda ya mumewe kwa sababu ya chuma." Ghanim alimshika Harub mkono. "Mzee Suud, mwenye kiwanda cha barafu, kalazwa na homa. Na wengine wapo. Ukiizima, safari hii atakufa nani?"

"Sijui, bwana."

"Na usipoizima?"

"Hilo pia sijui."

Ghanim aliuachia mkono wake. Akageuza uso kuelekea baharini.

Vali ilikuwa upande wa pili wa mashine, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya gurudumu. Harub alisimama mlangoni. Sauti aliyoisema Majid ilikuwepo, kavu, ya haraka, kama mtu anayegonga kucha juu ya sinia. Akawaza kutambaa, akaona ni ujinga, maana chuma kikiruka hakitachagua aliyelala na aliyesimama. Akatamka shahada, akapita ubavu ubavu, mgongo ukikwaruza ukuta, upepo wa gurudumu ukimpuliza kanzu. Jasho lilimwingia machoni. Alishika vali kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka ikagota.

Mashine ilikata pumzi. Gurudumu halikukubali mara moja. Uzito wa ngamia watatu hausimami kwa kuambiwa. Liliendelea kuzunguka kwa deni la mwendo wake, na tik ikaanza kuachana, moja, kisha moja, kisha moja, kila moja ikisubiriwa. Harub hakukimbia. Alibaki pale amebanwa baina ya chuma na ukuta, akihesabu mikono ya gurudumu ikipita mbele ya kifua chake: mkono, nafasi, mkono. Ule wenye ufa aliutambua kwa alama za vidole vyeupe vya Majid. Ulipita, ukarudi, ukapita tena, ukapanda polepole mpaka karibu na juu, ukasita, ukarudi nyuma kidogo. Ukatulia.

Nje mtu aliita jina lake.

Katika kimya kile alisikia sauti ikitoka upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo siku zote mashine ilimeza kila kitu. Bakhita alikuwa anasoma Yasin. Alisoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayejisomea mwenyewe, na alipofika neno moja akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena palepale. Harub alilijua neno lile. Midomo yake ikalitamka bila sauti. Akateremka polepole mpaka akakaa chini, mgongo kwenye matofali ya moto, akasubiri asikie kama Bakhita atalivuka neno lile.